Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Potasiamu na Jani Letu, Msimu wa 2023/2024

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma meneja, nami sitazigusa. Bodi imeniagiza nieleze jambo moja lililozua maneno mengi sokoni: kwa nini marobota mengi ya tumbaku ya jani la chini na la kati yalishushwa daraja, ilhali hadi Januari mashamba yetu yalipendeza. Wapo waliosema mbolea ilikuwa feki, na wapo waliosema ni ugonjwa. Tulizunguka mashambani pamoja na bwana shamba, na tulichokiona karibu kila mahali ni njaa ya potasiamu, yaani upungufu wa kirutubisho hicho kwenye mmea.

Katika shamba moja la kichanga aliinama, akashika jani la tatu kutoka chini. Ncha ilikuwa ya njano, ukingo umeungua na kukunjamana kuelekea chini, na alipoukwaruza kwa kidole ukamomonyoka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Majani ya juu yalikuwa mazima. Alitueleza kwamba potasiamu inapopungua, mmea huihamisha kutoka majani makongwe kwenda kwenye machanga, ndiyo maana dalili huanzia chini.

Udongo wetu wa huku Tabora, kwa sehemu kubwa, ni kichanga cha miombo chenye mfinyanzi na mboji kidogo. Potasiamu hushikiliwa na mfinyanzi na mboji. Visipokuwepo, huyeyuka na kushuka na maji. Mvua za El Niño za msimu huo ziliichukua hadi chini ya mizizi, hasa kwa wale waliotia mbolea yote kwa mkupuo mmoja katika mashamba ya mteremko. Mwaka wa ukame nao una hasara yake, kwani potasiamu huufikia mzizi kwa kupitia unyevu uliomo kati ya chembe za udongo, na tuta likikauka mmea huona njaa hata kama mbolea ipo. Kwa sababu hiyo bodi inasisitiza kufunga matuta, yaani kuweka vizuizi vya udongo katika mifereji ili maji yatulie na kuzama polepole, kazi ambayo wengi wetu tumeiacha kwa kuona inachosha.

Sasa niseme lisilopendeza. Mfuko wa kilo 50 wa NPK 10:18:24, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, una kilo 12 za potasiamu, zikihesabiwa kama oksaidi kwa namna viwanda vinavyoandika. Potasiamu yenyewe ni kama kilo 10. Mkulima aliyekopeshwa mifuko minne kwa ekari amepewa kilo 48 za hiyo oksaidi. Mfuko mmoja ukienda kwenye mahindi, robo ya chakula cha tumbaku imeondoka, na deni limebaki palepale. Nami simo nje ya lawama, kwani mahindi ya nyumbani kwangu yalistawi kupita kiasi na jirani zangu wanajua sababu. Kibaya zaidi, wengi waliopunguza NPK walijaribu kufidia kwa kuongeza CAN, mbolea ya naitrojeni isiyo na potasiamu. Naitrojeni hiyo ilisukuma jani kukua na kuwa la kijani kibichi, potasiamu haikutosha kulifuata, na jani likachelewa kuiva na kutoka banini, yaani kwenye nyumba ya kukaushia, na rangi isiyoeleweka.

Kuna pia habari ya mbolea nyekundu. Baadhi ya wanachama waliuziwa kwa bei nafuu potasiamu kloraidi, ile ya chengachenga zenye wekundu, wakaambiwa potasiamu ni potasiamu. Kwa mazao mengine haina neno, ila kwa tumbaku kloraidi ikizidi huingia ndani ya jani, nalo huvuta unyevu wa hewa, huota ukungu ghalani na huwaka vibaya. Mwanachama mmoja alitoa banini jani kavu la kupendeza, akalifunga, na baada ya wiki chache likawa limelegea na kunuka. Tumbaku inataka potasiamu iliyotokana na salfeti au naitreti. Mbolea yoyote isiyopitia chamani isomwe kwanza maandishi ya mfuko wake, na isiyo na maandishi isinunuliwe.

Juu ya majivu ya mabani, swali ambalo huulizwa kila mwaka, jibu ni kwamba yana potasiamu, lakini yanapunguza uchachu wa udongo kwa kasi, na yakimwagwa kwa wingi mahali pamoja mizizi hupata maradhi. Yatawanywe kidogo kidogo. Vivyo hivyo mashina: tunayang'oa baada ya mavuno ili kukata mzunguko wa wadudu na magonjwa, kisha tunayachomea kwenye mpaka wa shamba, na potasiamu iliyomo inanufaisha magugu ya njiani.

Kwa msimu ujao bodi inaleta maombi mawili. La kwanza, mbolea ya kupandia itiwe ndani ya siku kumi baada ya kupandikiza, katika vishimo vilivyo mbali kidogo na shina na kufukiwa, kwani ikigusa mizizi huiunguza. Na wenye kichanga cha mteremko wabakize sehemu ya kutia baadaye, kwa ushauri wa bwana shamba. La pili, chama kigharimie upimaji wa udongo katika taasisi ya utafiti wa tumbaku iliyopo Tumbi. Kila mwanachama achukue udongo sehemu kumi na zaidi za shamba lake, kina cha sentimita 20, aepuke vichuguu na mahali palipochomwa mashina, auchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kisha alete nusu kilo ofisini kabla matuta hayajaanza kulimwa, mfuko ukiwa na jina lake, kitongoji na zao lililotangulia.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Bodi