Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama za Jalada na Thamani ya Katuni Zetu

Ndugu wanachama, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Hesabu atawasomea mhazini mwenyewe, na katibu anazo kumbukumbu za mikutano, kwa hivyo sitaingilia kazi zao. Chama chetu cha wakusanyaji wa vitabu vya katuni ki hai, ada zinaingia ingawa kwa kusukumana, na siku zetu za kubadilishana vitabu zimekuwa zikijaa watu kutoka Mji wa Kale, Majengo, Kisauni hadi ng'ambo ya Likoni. Nafasi yangu nataka niitumie kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, likatugombanisha pia, na ambalo naona tusiondoke leo kabla hatujaliwekea msimamo. Nalo ni alama zilizo juu ya majalada.

Namaanisha muhuri wa duka, tarehe ya penseli, jina la mtoto aliyekuwa mwenye kitabu, bei iliyogongwa juu ya bei, saini. Chanzo cha mjadala mnakikumbuka. Mwanachama mmoja alileta toleo la Kimarekani la miaka ya sitini, zuri kwa kulitazama. Lilikuwa na tarehe ya penseli penye kona ya juu, naye usiku wa kuamkia siku ya kubadilishana akaifuta kwa raba, akiamini anaipandisha bei. Mnunuzi alipolipeleka dirishani na kulilaza mwanga ulipige kwa ubavu, pakaonekana kiraka kilichopoteza mng'ao, na ndani yake michirizi ya penseli ingali imechimbika vile vile. Biashara ikavunjika. Mwenzetu hakuwa na nia ya kudanganya. Alifanya alichofunzwa, na wengi wetu tulifunzwa hivyo hivyo, kwamba kitabu safi ni kile ambacho hakijaguswa na kalamu.

Sasa tutazame ile tarehe ilikuwa ni nini. Katuni za Marekani kwa miongo mingi ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na muuzaji aliruhusiwa kurudisha zisizonunuliwa ili arejeshewe fedha zake. Mwezi uliochapwa juu ya jalada ulitangulia mbele ya siku halisi ya kuuzwa, ili kitabu kisionekane kimepitwa na wakati. Amazing Fantasy namba 15, alimoonekana Spider-Man kwa mara ya kwanza, imeandikwa Agosti 1962, ilhali ilikuwa madukani tangu Juni. Basi muuzaji aliyetaka kujua mzigo uliingia lini, na autoe lini, aliandika mwenyewe tarehe kwa penseli au akagonga muhuri. Tarehe hiyo ndogo ndiyo shahidi wa siku kitabu kilipofika mkononi mwa watu, na shahidi huyo mwenzetu alimfuta kwa raba.

Soko lenyewe linalijua hilo. Kitabu cha bei cha Overstreet, kinachotoka tangu 1970, kinakubali tarehe ndogo ya kuwasili, iliyokaa mahali pasipovuta jicho, hata kwenye daraja la 9.4 kati ya 10, ambalo ni karibu na upya kabisa. Kampuni ya CGC, inayopima na kufunga katuni ndani ya plastiki ngumu tangu 2000, hutumia kipimo cha kuanzia 0.5 hadi 10, na muhuri mdogo wa duka peke yake haukitupi kitabu chini. Kinachokitupa ni jina lililoandikwa kwa biro kubwa kubwa usoni pa shujaa, wino uliopenya hadi ukurasa wa pili, au kalamu iliyokandamizwa mpaka ikachana karatasi. Kwa hivyo mtu akiniuliza alama inapunguza kiasi gani, nitamuuliza kwanza iko wapi, ina ukubwa gani, na imeandikwa kwa kitu gani. Penseli nyepesi pembeni ni jambo dogo, lakini biro katikati ya picha ni hasara ya kweli, na hapo tusijidanganye.

Kibaya zaidi ni kuificha alama. Yeyote anayechukua kalamu ya rangi na kupaka juu ya mkwaruzo au juu ya jina, kwa CGC amekitia kitabu katika kundi la vilivyokarabatiwa, na kitapewa lebo ya zambarau. Wanunuzi wengi wa katuni wakiiona lebo hiyo huondoka, na wanaobaki hutoa sehemu tu ya bei. Wapo mafundi wa karatasi wanaojua kusafisha kwa njia kavu bila kudhuru, na kazi yao haihesabiwi ukarabati. Lakini ni ufundi wa kusomea. Raba ya shuleni juu ya jalada linalong'aa haiwezi kuufanya.

Saini nazo zimetuchanganya sana mwaka huu. Kijana mmoja aliuliza kwa nini saini ya mchoraji mwenyewe ishushe bei. Jibu ni kwamba bila shahidi, saini ni maandishi tu juu ya jalada. CGC hutoa lebo ya manjano pale mtu wao aliposhuhudia kalamu ikitembea. Isiposhuhudiwa, kwa kawaida kitabu hupewa lebo ya kijani yenye kueleza dosari hiyo, au saini ihesabiwe pamoja na dosari nyingine na daraja lishuke. Mwenye kitabu kilichosainiwa asilifute jina wala asilipigie debe. Ahifadhi picha, barua, na chochote kinachoonyesha saini ilipatikana vipi.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, ya alama zilizopandisha bei.

Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua huko Colorado maelfu ya katuni zilizokusanywa na mchoraji Edgar Church. Hewa kavu ya kule ilizihifadhi karatasi zikabaki nyeupe kwa namna ambayo sisi wa pwani tunaweza kuisikia tu. Majalada mengi ya mkusanyo ule yana herufi na tarakimu za penseli. Leo mtaalamu huzitafuta tarakimu hizo ili ahakikishe kweli kitabu ni cha Church, na akishahakikisha, bei hupanda juu kuliko nakala nyingine ya daraja lile lile. Jimboni Nebraska kulikuwa na mtoto, Lamont Larson, ambaye duka lilimwekea katuni zake kando na kuandika jina lake kwa penseli juu ya jalada. Leo wakusanyaji hulitafuta jina hilo.

Na kuna nakala ya Marvel Comics namba 1 ya 1939 inayojulikana kama nakala ya malipo. Waliokuwa wakitayarisha kitabu waliandika juu yake kila msanii alilipwa ngapi, na mbele, kwa ajili ya picha ya jalada ya Frank R. Paul, pana dola 25. Machi 2022 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.4. Mwaka huo huo nakala ya Action Comics namba 1, alimoonekana Superman kwa mara ya kwanza, yenye muhuri mdogo wa roketi uliogongwa juu ya jalada na mwenyewe wa kwanza, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3, ingawa daraja lake ni 6.0 tu.

Nawaomba msinielewe vibaya. Sisemi kila chenye maandishi ni hazina. Alama hizo zimepanda thamani kwa sababu inajulikana nani aliziandika, lini, na kwa nini. Bila ushahidi huo, penseli inabaki penseli.

Alama zilizochapwa kiwandani ni mlango mwingine, nitaupitia haraka kwa vile wengi mnaujua. Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walipotaka kupima kama wasomaji watakubali bei kupanda, walichapa baadhi ya nakala za 1976 kwa senti 30 na za 1977 kwa senti 35, zikauzwa miji michache tu. Star Wars namba 1 ya senti 35 leo inatafutwa kwa maelfu ya dola, ilhali ya senti 30 ni ya kawaida. Angalieni sana, chapa za kurudiwa nazo zina senti 35. Ya kweli ina bei ndani ya mraba, na kisanduku cha msimbo wa mistari hakiko tupu. Tena wanaomiliki nakala za Marvel zenye bei ya peni za Kiingereza, zilizoletwa na jamaa kutoka Uingereza, wasikubali kuambiwa ni nakala za kuigiza. Zilichapwa Marekani pamoja na zile za senti, hasa bei ndiyo iliyobadilishwa. Na nyingine ziliingia Uingereza na bei ya senti, kisha wasambazaji Thorpe & Porter wakazigonga muhuri wa peni. Muhuri ule ni sehemu ya safari ya kitabu.

Hapo ndipo nafika nyumbani. Masanduku yetu yana katuni za Indrajal, zilizoanza kutoka India mwaka 1964, na Amar Chitra Katha za tangu 1967. Yana katuni za vita za Kiingereza za Commando, African Film zenye hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman zilizosomwa mpaka zikachanika, na jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno. Kwa vingi kati ya vitabu hivi hatuna kitabu cha bei cha kutuongoza. Majalada yake yamejaa mihuri ya maduka ya vitabu, mengine yaliyokwisha kufungwa, yenye sanduku la posta na jina la mtaa. Yapo majina ya wateja yaliyoandikwa na muuza magazeti aliyewawekea wenyewe, sawasawa na alivyofanyiwa yule mtoto wa Nebraska. Ipo mihuri ya waliokuwa wakikodisha vitabu, na bei ya mkono wa pili iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi. Hakuna daftari lolote linaloeleza katuni zilisambaa vipi mjini Mombasa, nani aliziuza na nani alizisoma. Habari hiyo iko juu ya majalada yenyewe, na kila raba inayopita inaipunguza. Hili linaniuma kweli, na ndilo lililonifanya niiandike taarifa hii hivi.

Kamati inaleta mapendekezo haya ili myajadili na kuyapigia kura. La kwanza, anayeleta kitabu siku ya kubadilishana aitaje kila alama aijuayo, iwe mbele, nyuma au ndani, na aseme kama pamefutwa au kupakwa rangi. Asiyesema, akigunduliwa, arudishe fedha au kitabu alichopewa bila ubishi. La pili, mtu asifute chochote kabla kitabu hakijaonwa na angalau wajumbe wawili wa kamati. La tatu, tuanzishe daftari la mihuri ya Mombasa: kila mwanachama apige picha ya muhuri au jina alilo nalo, aandike kitabu gani na alikipata wapi, na wazee watusaidie kueleza duka lilikuwa mtaa gani na lilifungwa lini. Majina ya watu binafsi tutayaweka kwa idhini ya familia zao.

Na kwa kuwa unyevu wetu huufanya wino wa muhuri uvuje hadi jalada la pili, na pini zishike kutu, kamati imekubali kununua kwa pamoja mifuko ya poliesta na vifuko vya kunyonya unyevu, ili kila mmoja apate kwa bei ya jumla. Orodha iko kwa mhazini. Msichelewe kujiandikisha, maana mvua za masika zinakaribia, na mzigo lazima uagizwe kabla.

Wazee wenye vitabu vya zamani wasioweza kutoka nyumbani watatembelewa na vijana watatu waliojitolea, wakiwa na kamera na daftari. Mwenye mzazi au jirani wa namna hiyo ampe katibu jina leo kabla ya chai.

Mwenyekiti wenu,
Mombasa