Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mashamba, Bomba Jipya na Barua ya Kamati

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi ambao hamkufika na mtaisoma taarifa hii kwenye simu zenu,

Assalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote.

Shughuli za kawaida mwazijua, kwa hivyo sitazirefusha. Miche ya minazi na mikorosho iligawiwa kabla ya mvua za masika. Semina ya wadudu wa miembe ilifanyika. Mifugo ilichanjwa. Pampu ya kisima cha pamoja iliharibika, ikatengenezwa, na sasa yafanya kazi. Tulizika wenzetu watatu mwaka huu na chama kilifika kwenye kila matanga. Mola awarehemu.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa barazani, misikitini baada ya swala, kanisani, na zaidi kwenye kundi letu la WhatsApp, mara nyingi mimi nikiwa sipo: barua ambayo kamati yetu iliipelekea Kaunti ya Mombasa kuhusu bomba jipya la maji na mpango wa matumizi ya ardhi. Imesemwa kwamba chama cha wakulima kimepinga maji. Neno hilo limeniuma. Hakuna mtu wa Kisauni anayeweza kupinga maji, sisi ambao twanunua mitungi kwa mkokoteni na kuamka usiku wa manane kungoja mfereji utiririke. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Ilipotakiwa maoni ya wananchi, kamati iliandika kwamba mstari uchorwe kwenye ramani ya kaunti, upande huu mji na upande ule kilimo, Mwakirunge na mashamba yanayopakana nayo yabaki upande wa kilimo. Tukaandika kwamba ndani ya eneo hilo shamba lisikatwekatwe kuwa ploti ndogo. Na tukaandika kuhusu bomba: nyumba zilizopo, shule, zahanati, misikiti na makanisa viunganishwe siku ya kwanza, vioski vya maji viwekwe, wakulima wapate maji ya kunyweshea mboga, lakini matawi ya bomba yasipelekwe kwenye ploti tupu zisizo na mtu mpaka mpango wa ardhi upitishwe. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyokatwa, ikapigwa picha na kusambazwa peke yake.

Kwa nini tuliandika hivyo? Kwa sababu bomba ndilo linaloamua shamba litakuwa nini, kabla ya afisa yeyote wa mipango kuinua kalamu. Mafundi wakionekana wakichimba mtaro, madalali hufika wiki hiyo hiyo. Bei ya ekari hupanda mpaka mtoto wa mwenye shamba humwona babake mjinga kwa kuendelea kupanda mihogo. Jirani wa kwanza huuza, wa pili hufuata, na anayebaki na ng'ombe wake hushitakiwa kwa harufu ya samadi. Wenye umri wangu waikumbuka Kiembeni kabla ya nyumba, na Mtopanga pia. Sisemi watu wasijenge. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wote wataka pa kulala. Nasema mahali pa kujenga pachaguliwe na mpango, bomba lifuate.

Kuna wanachama wasomi walioniambia kwamba sheria ipo, kwa hivyo barua haikuhitajika. Sheria ipo kweli. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yataka idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kuuza au kugawa shamba, na mauzo yasiyo na idhini hayana nguvu. Lakini bodi huangalia faili moja moja. Leo ekari mbili za fulani, mwezi ujao ekari tatu za jirani yake, na kila faili peke yake laonekana dogo. Hakuna siku bodi huketi ikaulizwa: je, mashamba yote ya upande huu yaishe? Swali hilo laulizwa kwenye mpango wa kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo pia ndiyo inayotaka mtu aombe ruhusa kabla ya kubadili matumizi ya ardhi yake. Ndiyo maana tuliandika wakati wa mpango. Tungengoja faili, tungekuwa tumechelewa.

Lawama kubwa imetoka kwa wenzetu wenye hatimiliki: shamba ni langu, mwenyekiti ana haki gani ya kunizuia? Sina haki hiyo na sikuitaka. Katiba katika kifungu cha 40 yalinda mali ya mtu, na katika kifungu cha 66 yaipa dola uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa manufaa ya umma. Vyote viwili ni sheria. Aliye na shamba aweza kuliuza kama shamba leo, kesho na siku zote.

Tena barua iliomba fidia, ukurasa wa pili, kipengele ambacho wanaonilaumu hawakukisoma. Niliikumbusha kaunti kwamba sheria ya mazingira ya 1999 yaruhusu mahakama kuweka sharti juu ya ardhi ili kulinda maji na maeneo ya wazi, na mwenye ardhi ana haki ya kudai fidia kwa sharti hilo. Nikatoa mfano wa Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland kule Marekani, iliyo ubavuni mwa jiji la Washington. Mwaka 1980 walitenga takriban ekari 93,000 za kilimo. Nyumba ziliruhusiwa moja tu kwa kila ekari 25, lakini mkulima alipewa haki moja ya kujenga kwa kila ekari 5, haki ambayo aweza kumuuzia mjenzi anayetaka kuongeza nyumba mahali palipotengwa kwa mji. Mkulima akapata pesa na shamba likabaki. Mkono mtupu haulambwi, nami nalijua hilo. Kipengele hiki nilikiandika mimi mwenyewe, baada ya wenzangu kwenye kamati kusema tukiache kwa sababu kaunti haina pesa. Haina leo, na isipoombwa haitakuwa nayo hata kesho.

Na kuna wanachama ambao hawana hatimiliki kabisa. Ni wengi, na hawasemi kwa sauti mikutanoni. Walima kwenye ardhi ya wenye mashamba wasioishi hapa, wengine tangu enzi za babu zao. Ploti zikikatwa, wao hawapati hata shilingi ya mnazi waliopanda. Barua ile iliwalinda wao kwanza, na naona ajabu kwamba hakuna hata mmoja kati ya wakosoaji wangu aliyewataja.

Jambo jingine kwenye barua limepita bila kusemwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Maji ya chemchemi za Mzima yatoka Tsavo Magharibi, Taita Taveta, kwa bomba la kama kilomita 220 lililojengwa miaka ya 1950. Ya Baricho yapampiwa kutoka visima vya kando ya mto Sabaki, Kilifi. Umeme ukikatika kule, Kisauni yakauka. Ya Marere yashuka kutoka Shimba Hills, na ya Tiwi ni visima, vyote Kwale. Bwawa la Mwache, lililopangwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, limechukua mashamba ya wenzetu wa Kinango, huko huko Kwale. Kila tone tunalokunywa lina mkulima wa kaunti nyingine anayeishi karibu na chanzo chake.

Kila kaunti ina kampuni yake ya maji yenye mipango yake na madeni yake, na Wakala wa Ustawishaji wa Maji Pwani huwauzia maji kwa jumla. Hakuna meza moja ambapo mpango wa ardhi wa Kwale na mahitaji ya maji ya Mombasa huwekwa kando kwa kando. Barua yetu iliomba meza hiyo iwe Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti zote sita, na sehemu ya malipo ya maji irudi kwa wakulima wa kwenye vyanzo ili wapande miti na kukinga udongo. Si ndoto. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulianzishwa mwaka 2015 kwa njia hiyo: wakulima wa milimani husaidiwa kuchimba matuta ili tope lisijaze mabwawa ya Nairobi. Jiji la New York lilikubaliana na jamii za milima ya Catskill mwaka 1997, likagharimia utunzaji wa mashamba yao, likaepuka kujenga mtambo wa kuchuja maji wa mabilioni ya dola. Basi tutamwambiaje mkulima wa Kwale atunze ardhi yake kwa ajili yetu, ikiwa sisi twaikata yetu ploti? Na mashamba yetu pia hulisha visima. Mvua hupenya kwenye udongo wa shamba ikashuka chini. Ukifunika kwa saruji, ukachimba vyoo na visima kila ploti, maji ya bahari huingia kupitia mwamba wa matumbawe. Wa Nyali watawaeleza ladha yake.

Imesemwa pia kwamba kamati ilipeleka barua bila kuwauliza wanachama. Mkutano wa dharura uliitishwa, ukakosa akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa haikutimia. Ukaitishwa tena, ukakosa akidi tena. Tarehe ya mwisho ya maoni haikungoja. Katiba ya chama yaipa kamati uwezo wa kuamua mambo ya haraka, nasi tukaamua. Waliokuja siku zile waliketi na kungoja mpaka magharibi. Wale waliokuwa majumbani hawawezi leo kudai kwamba walifungiwa mlango.

Hapo naingia kwenye ada. Wanachama waliomo daftarini ni 186. Waliolipa ada ya mwaka ya shilingi 1,000 ni 61. Deni la mwaka huu ni shilingi 125,000, la nyuma 173,000, jumla 298,000. Mapato yetu yalikuwa ada 61,000, mauzo ya maji kisimani 48,600, wahisani 15,000, jumla 124,600. Matumizi: pampu 52,000, mazishi 30,000, semina 14,500, ramani, uchapishaji na nauli 21,750, jumla 118,250. Pamoja na 12,400 za mwaka jana, tumebaki na shilingi 18,750. Zile 21,750 zimeulizwa sana. Kwa pesa hizo tulipata ramani za mashamba yetu yote ambazo hatujawahi kuwa nazo tangu chama kianze, na nauli zangu mimi sikuzidai. Baadhi ya waliouliza hawajalipa ada kwa miaka mitatu. Yasikitisha, kwa sababu mtu huyo huyo mtoto wake akifariki chama ndicho kinacholeta sanda na hema.

Mwaka ujao, inshallah, twatarajia kukutana na vyama vya wakulima wa Kwale na Kilifi ili tuandike ombi moja. Twatarajia pia kupata wakili atakayetusaidia bila malipo au kwa malipo madogo, na kuwavuta vijana zaidi kwenye kamati. Mungu akipenda, kisima cha pili kitachimbwa.

Nakala za barua, kurasa zote, ziko mezani kwa katibu. Naomba kila mmoja aichukue na aisome kabla ya chakula. Anayetaka ibatilishwe alete hoja chini ya ajenda ya saba, mbele ya akidi, nami nitaitii kura. Watakaopiga kura ni waliolipa ada, kama katiba ya chama isemavyo, na mweka hazina yuko mlangoni na kitabu chake cha risiti mpaka adhuhuri.

Wenu,
Mwenyekiti