Ngazi isifiche nambari ya gari la zimamoto

Mhariri,

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na magari ya zimamoto ya kaunti yana nambari zenye herufi CG, yaani County Government (serikali ya kaunti), zikitanguliwa na nambari ya kaunti. Ukiona 47CG unajua hilo ni la Nairobi. Lakini lile la kaunti yetu, ngazi ya alumini inaning'inia nyuma, miguu yake ya mpira imefika chini kabisa, na kibao cha usajili kimebaki kuonyesha herufi mbili tu. Likikugonga kioo njiani au likichelewa kufika, utaripoti gari gani? Kibao kisogezwe kando. Ni kazi ya fundi mmoja na skrubu nne.

La ngazi yenyewe ni zito zaidi. Ghorofa moja ya makazi ni takriban mita tatu. Ngazi ya mita 30, hata ikinyooshwa yote, haifiki ghorofa ya kumi kwa urahisi, kwa sababu huinama na gari lazima lisimame mbali kidogo na ukuta. Tena gari lenye ngazi ndefu kama hiyo hutandaza miguu ya chuma kushoto na kulia kabla ya kuinua ngazi. Itatandazwa wapi, kwenye vichochoro vilivyojaa probox na vibanda, nyaya za stima zikining'inia juu?

Kaunti itueleze ngazi yake ndefu zaidi ina mita ngapi, halafu vibali vya ujenzi vitolewe kwa kuzingatia jibu hilo.

Mpangaji wa ghorofa ya saba,
Eldoret