Barua kwa Baba Akinyi kuhusu taa za trela

Lanet, Nakuru

Kwa rafiki yangu Baba Akinyi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Akinyi na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, na mvua imeanza vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kusikia kwamba Range Rover Sport uliyoingoja kwa muda mrefu imefika Kisumu salama, na kwamba ile boti ya faiba hatimaye imepata trela yake. Lakini mahali ulipoandika kwamba fundi amekuahidi kuunganisha taa za trela kwa saa moja tu, kwa kuchuna nyaya za taa za nyuma za gari na kuzifunga pamoja na nyaya za trela, pamenikosesha usingizi. Nakuomba, ndugu yangu, usimpe ufunguo kabla ya kuyasoma haya.

Mimi mwenyewe niliikubali kazi ya namna hiyo kwenye BMW X5 yangu. Gereji iliyoifanya sitaitaja. Mafundi walitumia vile vibano vidogo vya plastiki vyenye kijembe ndani, ambavyo hubanwa kwa koleo na kuuma nyaya mbili kwa pamoja, na jioni ile taa zote ziliwaka, nikalipa na kushukuru. Wiki iliyofuata nilikuwa nikitoka Njoro na marobota ya nyasi, giza limekwisha kuingia, dashibodi iliponionyesha kwamba taa ya nyuma ya kushoto imekufa, kisha ya kulia, na nilipokanyaga breki taa za trela zikazima kabisa. Nilisimama kando ya barabara, nikamwomba kijana wa bodaboda anifuate kwa nyuma na taa zake hadi mjini, naye akakubali, na mpaka leo namshukuru. Fundi wa pili alipofungua upande wa nyuma alikuta waya mmoja umekatwa nusu na kile kijembe na shaba yake imeota kutu ya kijani, na kompyuta inayoendesha taa ilikuwa imezifunga njia mbili za umeme ili kujikinga. Njia moja ilirudi baada ya kufutwa makosa. Ya pili haikurudi tena, na ikabidi kompyuta yenyewe ibadilishwe.

Huenda ukauliza kwa nini kazi iliyofanyika bila shida kwenye Peugeot 504 za wazee wetu iharibu gari la thamani kubwa kuliko hizo. Kwenye 504 umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi, ukafika kwenye balbu. Ukiongeza balbu ya trela, waya ulipata joto kidogo zaidi, basi. Kwenye gari lako hakuna waya unaotoka moja kwa moja kwenye kanyagio la breki hadi kwenye taa. Kanyagio hutoa habari tu, na habari hiyo husafiri kwenye jozi ya nyaya nyembamba zilizosokotwa pamoja hadi kwenye kompyuta, nayo ndiyo huamua ni taa ipi ipelekewe umeme na kwa kiasi gani. Mara nyingi haiutoi umeme kwa mfululizo, bali huukatakata haraka kuliko jicho linavyoweza kutambua, na wakati huo huo hupima kiasi kinachopita ili ijue kama taa ni nzima. Sasa fikiria hesabu yenyewe. Balbu ya kawaida ya breki ya trela ni ya wati 21, na kwa volti 12 hiyo ni karibu ampia 1.75; balbu mbili ni ampia 3.5. Taa za LED za gari lako hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na njia za kompyuta zilipimwa kwa ajili ya LED hizo. Kuzitwisha balbu za trela ni kumtwisha mtoto gunia la mahindi kwa sababu tu ulimwona akibeba daftari zake.

Njia salama ni kuhakikisha kwamba taa za trela hazili umeme wa taa za gari hata kidogo. Kuna kisanduku cha rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kilichotengenezwa kwa kazi hii, ambacho huzigusa nyaya za taa za gari kwa ajili ya kusoma ishara tu, kwa umeme mdogo mno ambao kompyuta haiuhisi, kisha chenyewe huchukua nguvu moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuipeleka kwenye trela. Hakikisha ni kile kinachoweza kusoma umeme uliokatwakatwa, maana vya zamani huufanya mwanga wa trela upepese. Waya wa nguvu uwe mnene, wa milimita mraba 2.5, na fyuzi yake ya ampia 15 iwekwe karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa kule nyuma karibu na soketi, waya mzima unaopita chini ya zulia unabaki bila ulinzi, na ukikwaruzika popote utawaka moto kabla fyuzi haijajua lolote. Kwenye X5 yangu betri iko chini ya sakafu ya buti, hivyo waya ulikuwa mfupi. Kwenye gari lako hakikisha kwanza betri iko wapi; ikiwa mbele, fundi atalazimika kuupitisha waya ndani ya gari zima, chini ya mapambo ya milango. Hiyo pekee inatosha kukuonyesha kwamba kazi ya saa moja haipo.

Hata hivyo, kwa gari kama lako mimi ningependelea moduli ya trela, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha taa za trela, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hiyo, inayochomekwa kwenye soketi ambazo kiwanda kiliziacha, halafu gari liambiwe kwa kompyuta ya uchunguzi kwamba sasa lina moduli mpya. Bei yake ni kubwa, sikufichi. Lakini faida yake haiishii kwenye taa. Gari likijua kwamba kuna trela nyuma, vihisio vya kuegesha havitapiga kelele kila unaporudi nyuma, na ule mfumo wa kulizuia gari lisiyumbe utaanza kuitambua trela inayopepea na kuituliza kwa kufunga breki gurudumu moja moja. Kisanduku cha rilei huwasha taa vizuri, lakini hayo mengine hakiwezi.

Kuhusu soketi, uwe mwangalifu sana na rangi za nyaya. Katika mpangilio wa Ulaya wa pini 7, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni indiketa ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia ni taa ya nyuma ya kulia, nyeusi ni ya kushoto, buluu ni taa ya ukungu, na nyeupe ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ikiwa trela yako ilinunuliwa pamoja na boti kutoka Marekani, huenda ina plagi bapa ya pini 4, ambamo balbu ile ile hufanya kazi ya breki na ya indiketa, na kahawia hubeba taa zote mbili za nyuma. Rangi zinafanana, kazi zinatofautiana, na gari lako limetenganisha indiketa na breki. Trela za mafundi wa jua kali nazo mara nyingi hufungwa kwa waya wowote uliokuwa karibu. Kwa hiyo usiamini rangi. Chukua betri na taa ya majaribio, jaribu pini moja baada ya nyingine, na uandike kwenye karatasi unachokiona.

Niruhusu nikae kidogo kwenye athi, kwa sababu huo ndio ugonjwa wa trela karibu zote nilizowahi kuziona. Mafundi wengi huifunga kwenye bodi ya trela na kutumaini kwamba umeme utarudi kupitia tufe la chuma ambalo trela imelikalia. Tufe hilo lina grisi, lina kutu, na hutikisika kila mahali penye shimo. Umeme unapokosa njia ya kurudi hutafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani, ndipo unapoona taa ya nyuma ikizima ukikanyaga breki, au indiketa ya kulia ikipepesa hafifu na ya kushoto. Mtu hubadilisha balbu, hubadilisha soketi, na kumbe tatizo ni boliti moja yenye rangi chini yake. Waya mweupe uwe mnene kuliko wote na uende wenyewe kutoka kwenye soketi hadi kwenye kila taa, usitegemee bodi mahali popote. Nami sasa sina kibano hata kimoja cha kijembe: kila kiungo cha waya nimekichomelea kwa risasi na kukifunika kwa mrija unaosinyaa kwa joto.

Trela ya boti ina jambo lake la ziada. Utakapofika Dunga, pale ufukweni mwa ziwa, chomoa plagi kabla ya kuirudisha trela majini. Balbu ambayo imewaka njia nzima ina joto kali, na maji baridi yakiigusa hupasuka, kisha maji yanaingia mahali pake na kuunganisha nyaya. Taa za LED zilizozibwa kabisa zinafaa zaidi, ingawa zinatumia umeme mdogo kiasi kwamba moduli yako inaweza kudhani balbu zimeungua. Hilo hurekebishwa ama kwenye mpangilio wa moduli ama kwa kuongeza rezista, kifaa kidogo kinachokula umeme kama balbu, na rezista ifungwe kwenye chuma, kamwe isikae kwenye plastiki, kwa maana hupata moto.

Sasa kiungo chenyewe, yaani ule mkono wa chuma wa nyuma ya gari unaobeba tufe la kuvutia trela. Uliniuliza kama unaweza kuchomelewa kimoja na wale mafundi hodari wa vyuma, kama tulivyochomelea kile cha pikapu ya marehemu mzee. Hapana. Bodi ya Range Rover Sport ya kizazi cha gari lako, kilichoanza 2013, ni ya alumini, na chuma hakichomelewi kwenye alumini. Hata vikifungwa tu kwa boliti bila kitu cha kuvitenganisha, unyevu ukiingia kati yao alumini huliwa polepole. Nunua kiungo kilichotengenezwa kwa modeli yako, kinachofungwa kwenye matundu yaliyokusudiwa na kiwanda. Bampa litatolewa lote, kwa hiyo usishtuke ukiliona gari lako limevuliwa nguo. Angalia tu kwamba boliti zinakazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya kiungo, na urudi zikaguliwe tena baada ya safari chache za kwanza. Mwambie fundi pia auzime mfumo wa springi za hewa kabla ya kuliinua gari kwa jeki, kwa sababu gari hilo hujaribu kujisawazisha lenyewe, na mtu aliyelala chini yake anaweza kubanwa. Katikati ya tufe pawe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini likiwa na mzigo, na upime gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida cha kuendeshwa.

Uzito unaoukalia mkono wa gari ni jambo ambalo watu hulisahau. Kwa kawaida ya Ulaya, pua ya trela ilemee tufe kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela na mzigo wake, yaani ikiwa trela na boti vina kilo 1,200, kilo 60 hadi 84, mradi usipite kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye kibao cha kiungo. Mzani wa bafuni na kipande cha mti chini ya pua vinatosha kupima. Injini ya boti iko nyuma, na ndiyo sababu trela za boti hulemea nyuma na kuanza kupepea gari linapoongeza kasi. Ukiona pua ni nyepesi, isogeze boti mbele, hata kwa sentimita 20, na upime tena.

Nakusisitizia haya yote kwa sababu naijua njia utakayopita utakapoileta boti Naivasha kama ulivyoandika. Utapanda kutoka Ahero hadi Kericho, upite Mau Summit, kisha uteremke Salgaa ukiwa na malori nyuma yako, na wewe mwenyewe unajua ni watu wangapi tuliowazika kwa sababu ya mteremko ule. Dereva wa lori lenye mzigo usiku hakuoni wewe wala gari lako zuri. Anaona taa mbili nyekundu za trela, na kwa taa hizo tu ndipo anajua umbali wako na kwamba umefunga breki. Zikififia yeye atadhani uko mbali. Tafadhali bandika pia viakisi vyekundu vya pembetatu nyuma, ili siku umeme ukikatika trela isibaki giza tupu.

Ushauri wangu ni huu: mwambie fundi huyo asiguse kitu, na uje nalo Nakuru Jumamosi yoyote, bila boti, ila na plagi ya trela iliyokatwa pamoja na waya wake kama nusu mita. Fundi aliyelitengeneza langu ana kompyuta ya kulisoma gari lako, na nimekwisha kumweleza. Nitumie nambari ya chesi kwa simu ili aagize moduli inayolingana kabla hujafika, na unijulishe kama ile plagi ina pini 4 au 7. Mama Chebet anasema msije na chakula, kitapatikana hapa.

Wako rafiki,
Baba Chebet