Kinga ya kutoshtakiwa itolewe baada ya ukweli, sio kabla

Ndugu Mhariri,

Miaka yote hii nasoma gazeti lenu sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya mkandarasi aliyepewa kinga ya kutoshtakiwa ili awe shahidi wa serikali imenishinda kunyamaza. Mmemuita "shahidi jasiri" ukurasa wa mbele kabisa. Ujasiri gani jamani? Mtu kala hela za umma, kabanwa na nyaraka za benki, ndo akaanza kuongea.

Nieleweke, kinga yenyewe siipingi. Rushwa ni siri ya anayetoa na anayepokea, hakuna kati yao atakayeenda polisi kulalamika, kwa hiyo asipopatikana mmoja wa kufungua mdomo kesi nyingi zinakufa. Ndo maana hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003, kifungu cha 37, unazitaka nchi zifikirie kumpa kinga mtu anayesaidia kwa kiasi kikubwa upelelezi au mashtaka. Ugomvi wangu ni anapewa nani na anapewa lini.

Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye ofisi moja ya umma. Ikapita tenda ya vifaa, mzigo haukuingia hata boksi moja, halafu hati ya kupokelea mzigo ikaibuka na saini yangu, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa chini mpaka kwenye mstari wa tarehe, kitu ambacho mimi sijawahi kufanya maishani. Nikakataa, nikaandika barua, nikatoa maelezo kwa wapelelezi bila kuahidiwa chochote. Msambazaji, yule yule aliyekuwa akija na bahasha za bosi, yeye ndo akapewa kinga, na alipewa kabla hajasema neno mahakamani. Siku ya ushahidi kila akiulizwa kuhusu wakubwa ni "sikumbuki mheshimiwa", akiulizwa kuhusu sisi wa chini anakumbuka mpaka rangi ya kalamu tuliyotumia! Bosi akaachiwa huru, aliyefungwa ni mhasibu msaidizi, kijana mdogo aliyepitisha malipo kwa kuamrishwa, na msambazaji akaenda zake, hela hakurudisha hata senti na baadae nikasikia anaomba tenda nyingine. Mimi nilihamishwa kitengo, kisha nikaambiwa mkataba wangu hauongezwi. Inauma mpaka leo na sioni aibu kusema inauma.

Na hili halipo kwetu tu. Brazil mwaka 2017 Joesley Batista, mmoja wa wamiliki wa kampuni ya nyama ya JBS, alimrekodi Rais Michel Temer akapewa kinga, haikupita miezi mingi ikajitokeza rekodi nyingine kuonyesha kuna mambo aliwaficha waendesha mashtaka, ikabidi mwendesha mashtaka mkuu Rodrigo Janot aombe kinga ifutwe na jamaa akakamatwa. Afrika Kusini wana kifungu cha 204 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai ya 1977, pale shahidi anaambiwa mapema kwamba asipojibu maswali kwa ukweli na uwazi hana kinga, na anayeamua ni mahakama ikishamsikiliza. Hivyo ndo inavyotakiwa.

Ila hata huko huko, Babita Deokaran, mhasibu wa idara ya afya ya jimbo la Gauteng aliyehoji malipo ya hospitali ya Tembisa, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Agosti 2021, akafa. Yeye hakuiba kitu. Mwizi analindwa na mawakili na makubaliano, aliyekataa kuiba hana hata mlinzi getini, na nyie magazeti mnatoa picha yake na mtaa anaokaa. Acheni hiyo tabia, mnaua watu.

Ninachotaka ni hivi: karatasi ya kinga ikae kwa jaji, isisainiwe mpaka hukumu isomwe. Hela zirudi kwanza, pamoja na zilizoandikwa majina ya mke, shemeji na kampuni za watoto. Anayeomba kinga amtaje aliye juu yake, sio karani. Asiguse tena tenda ya umma maisha yake yote. Na nyie Mhariri, yule mkandarasi wenu akimaliza ushahidi, chapisheni masharti yote ya kinga yake neno kwa neno, ukurasa ule ule mliomuita jasiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi