Carlisle haikushinda kwa "kipaji cha asili"

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Jim Thorpe nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Medali zake za Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 mmezieleza vizuri, hapo sina neno. Ila mlipofika kwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya shule yake, Carlisle, mlipita mbio, mkaandika kwamba vijana wale, wenyeji wa asili wa Marekani, walishinda kwa "kipaji cha asili". Hapo mlinikera.

Mpira wa Kimarekani unakaribiana na raga kuliko kandanda letu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa mchezo wa kusukumana. Wenye miili mikubwa ndio waliotamba. Vijana wa Carlisle, Pennsylvania, walikuwa wepesi wa kilo, kwa hiyo ilibidi watumie kichwa. Pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kuelekea mbele, iliporuhusiwa 1906, wao waliifanyia mazoezi hasa, na mwaka uliofuata wakaichapa Chuo Kikuu cha Pennsylvania 26-6. Mwaka 1911 ikawa zamu ya Harvard, 18-15, Thorpe akipitisha mikwaju minne katikati ya nguzo huku mguu wake umefungwa bendeji. Ipo picha ya kikosi kile wakiwa na mpira ulioandikwa matokeo hayo ubavuni. Mngeichapa hiyo badala ya ile ya Thorpe peke yake, ambayo tumeshaichoka.

Msimu wa 1912 walishinda mechi 12, wakatoka sare moja na kufungwa moja. Tarehe 9 Novemba walikuwa West Point, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, jeshi lile lile ambalo miaka 22 nyuma lilikuwa limeua watu wao, wake kwa watoto, kule Wounded Knee. Kocha wao Pop Warner aliwasogeza mabeki wawili pembeni, karibu na mstari, na wapinzani wakashindwa kujua mpira utatokea upande gani. Carlisle 27, Jeshi 6. Miongoni mwa waliofungwa siku hiyo alikuwemo Dwight Eisenhower, rais wa baadaye.

Sasa ulizeni nani alikuwa akiamua mpira uende kwa nani. Sheria za wakati ule zilimkataza kocha kutoa maelekezo kutoka pembeni mwa uwanja. Kazi hiyo ilikuwa ya kwotabeki Gus Welch, mtu wa kabila la Ojibwe kutoka Wisconsin, katikati ya vurugu, bila muda wa kuwaza. Hicho ndicho mnachokiita asili?

Na jina la Welch halimo kabisa katika makala yenu. Shule ile ilianzishwa 1879 katika kambi ya zamani ya jeshi ili kuwavua watoto lugha zao. Walipofika tu walinyolewa nywele, na zaidi ya 180 walizikwa huko huko. Welch ndiye aliyekusanya saini za wanafunzi wenzake zaidi ya 200 kupeleka malalamiko serikalini. Wachunguzi wa Bunge walipofika 1914, alisimama akatoa ushahidi dhidi ya Warner, kocha wake mwenyewe. Mwisho wa mwaka Warner akaondoka. Shule ikafungwa 1918.

Mkirudia habari hii, mpeni Welch angalau aya moja.

Msomaji wenu,
Tanga