YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAARIFA MNAZOWAPA ABIRIA WANAOSHUKA KISIWANI BILA KUNUNUA ZIARA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunalalamikia karatasi mnayoiacha chumbani, katika meli zenu za kitalii, usiku wa kuamkia siku ya kushuka kisiwani. Inamwambia abiria jambo moja la uhakika: akichelewa, meli haitamngoja. Hilo ni kweli na ni haki yenu kulisema. Lakini yale anayohitaji kuyajua ili asichelewe hayamo, na nafasi yake imejaa matangazo ya ziara za kisiwani mnazoziuza melini. Ziara zenyewe hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni kwamba zinauzwa kwa kumtia abiria hofu.

Kubwa kuliko yote ni saa. Meli ina saa yake na kisiwa kina saa yake. Cozumel, nchini Mexico, haisogezi saa mbele majira ya joto, ilhali Florida, jimbo la Marekani ulipo mji wa Miami, husogeza. Meli iliyotoka Miami mwezi Julai na kubaki na saa ya Miami inakuwa mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Simu ya abiria ikishika mtandao wa nchi kavu hujirekebisha yenyewe. Anaitazama, inaonyesha saa tisa na nusu, anaona bado ana muda. Melini ni saa kumi na nusu na mlango unakaribia kufungwa. Dawa yake ni kuizuia simu isijirekebishe saa, au kuvaa saa ya mkono iliyolinganishwa na ile ya melini kabla ya kushuka. Karatasi yenu imeandika “saa za hapa” tu, bila kueleza hapa ni melini au ni kisiwani.

Pili, muda mnaoutangaza si muda anaoupata. Chukueni mfano wa meli inayotia nanga saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Kwa maandishi ni muda wa saa tisa. Maofisa wa bandari wakimaliza ukaguzi imeshafika saa mbili na nusu. Makundi ya ziara yanaitwa kwanza kwenye boti za kushushia watu, hivyo anayejitegemea hugusa nchi kavu kama saa tatu na nusu. Boti ya mwisho ya kurudi huondoka saa kumi, na mwenye busara hupanga foleni saa tisa, kwa kuwa saa hiyo kila mtu anarudi. Zimebaki saa tano na nusu. Akizijua mapema anapanga vizuri: anaanza na sehemu ya mbali kabisa, kisha anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea bandarini, ili hata gari likiharibika mchana awe karibu. Asipozijua hufanya kinyume: asubuhi anazunguka gatini, na saa nane ndipo anatafuta teksi ya kwenda upande wa pili wa kisiwa.

Mahali boti inaposhusha watu nako mnakunyamazia. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni mfano mzuri. Meli kubwa hutia nanga katikati ya ghuba, na kwa kawaida walionunua ziara hushushwa bandari ya Athinios, yanakosubiri mabasi. Wengine hupelekwa bandari ya zamani, chini kabisa ya jabali la mji wa Fira, na kutoka pale ni gari la kamba au ngazi zaidi ya 500 juani. Jioni makundi ya ziara nayo hukusanyika Fira na kuteremka kwa gari lile lile la kamba, foleni ikapinda hadi vichochoroni. Mzee mwenye magoti mabovu akiambiwa haya usiku uliotangulia, atanunua ziara kwa hiari yake na atawashukuru.

Maana ziko siku ambazo ziara ndiyo uamuzi sahihi: kivutio kikiwa mbali na barabara ni moja, au meli ikiwa imechelewa kufika. Ziara ya meli ikikwama, meli huingoja. Nahodha akighairi kutia nanga, abiria hurudishiwa fedha za ziara. Basi semeni pia muda wake halisi. “Ziara ya muda wa saa nne” huanza kuhesabiwa ukumbini, watu wakibandikwa namba kifuani kwa nusu saa. Toa nusu saa hiyo, toa safari ya basi kwenda na kurudi, toa kituo cha dukani ambacho hakuna aliyekiomba, toa kumsubiri mmoja kati ya watu 40 aliyekwenda msalani. Penye kivutio zinabaki dakika 50, pengine pungufu.

Tunaomba karatasi hiyo ionyeshe saa ya meli na saa ya kisiwa zikiwa sambamba, muda wa boti ya mwisho, jina la gati na umbali wake kutoka mjini, pamoja na simu ya wakala wa meli bandarini. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kuhitajika mtu akiachwa, kwa kuwa katika meli nyingi pasipoti yake huchukuliwa chumbani na kuachwa kwa wakala huyo kabla ya kung’oa nanga. Pia baada ya kila makundi mawili ya ziara, boti moja iwachukue waliobaki. Na kila ziara iandikwe dakika za barabarani na dakika za kivutioni, kila moja peke yake.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla hamjachapisha karatasi za msimu ujao.

Wenu,
Abiria wenu wa mara kwa mara